Leseni tumelipia, mbona kompyuta za chuo zinagoma?

"Mtaalamu, salamu. Nafundisha kozi ya ujenzi katika chuo kimoja cha kiufundi upande wa Eastlands hapa Nairobi, na kwa kuwa hatuna fundi wa kudumu, maabara ya kompyuta pia iko mikononi mwangu. Tuna mashine 24, zote za mtumba: Dell OptiPlex 790 ziko 16, zina prosesa ya Core i3 na RAM ya GB 4, zilizobaki 8 ni OptiPlex 780 za Core 2 Duo na GB 2. Chuo kimenunua leseni ya pamoja ya Windows 10 Education, tukawekewa na seva ndogo ya kuziamilisha, yaani kuzithibitishia leseni. Fundi alitengeneza mashine moja, akainakili kwenye zile 16. Mpaka leo zinaandika kwamba hazijaamilishwa. Zile 8 bado ziko kwenye Windows 7, na AutoCAD 2024, programu ya kuchorea ramani za ujenzi, inazikataa ikisema ni za biti 32. Kwenye zile 16 inakubali kuingia, lakini kuifungua ni dakika nyingi za kungoja, na kila asubuhi inadai wanafunzi waingie kwenye akaunti upya, labda kwa sababu ya Deep Freeze, ile programu inayofuta mabadiliko yote kila mashine ikiwashwa upya. Jumatatu ndiyo siku mbaya kuliko zote: mashine kadhaa haziwaki mpaka tubonyeze F1, na kurasa za intaneti hazifunguki. Tukihangaika nazo, kufikia Jumatano huwa zimetulia. Fundi mmoja anasema leseni za siku hizi hazikai kwenye mashine kuukuu, tuziuze kwa kilo. Mwingine anasema maadamu tumeshalipa, si vibaya atuwekee programu iliyovunjwa. Wanafunzi ni 40, mtihani wa vitendo uko miezi miwili mbele, na bajeti ni finyu. Nishike lipi?"

Mwalimu, pole kwa kubebeshwa kazi mbili, ya kufundisha na ya ufundi wa maabara. Hofu yako, nikiielewa vizuri, ni kwamba chuo kimemwaga pesa kwenye leseni ambayo mashine hizi haziwezi kuibeba. Nakuhakikishia si hivyo. Katika yote uliyoeleza sioni kitu kinachonionyesha kwamba zile 16 zimefika mwisho wa maisha yake. Ninachoona ni matatizo manne yaliyorundikana mpaka yakaonekana kama moja, na mawili kati yake yanatatuliwa kwa gharama ndogo sana. Sharti ni mpangilio: ukianza na la mwisho utajikuta umefanya kazi mara mbili, na pengine umelipa mara mbili.

Kwanza tuondoe kauli ya yule fundi wa kilo. Leseni haijui umri wa kompyuta. Ni ruhusa tu, na programu huikagua kwa maswali machache: anayetumia ni nani, yuko kwenye mashine ipi, leo ni tarehe ngapi, na walioruhusiwa ni wangapi. Leseni ya udereva haiulizi gari ni la mwaka gani. Gari likishindwa na mlima, hakuna anayeilaumu leseni. Kwenye maabara yako kuna mambo yanayohusu ruhusa na mengine yanayohusu nguvu za mashine, na mafundi wote wawili wameyachanganya.

Nianze na Jumatatu, maana hapo umenipa dalili nzuri kuliko zote. Ndani ya kila kompyuta mna saa inayoendelea kutembea hata mashine ikiwa imezimwa. Waya ukiwa ukutani na swichi imewashwa, saa hiyo hupata umeme kidogo kupitia pawasaplai. Swichi ya ukutani ikizimwa, au stima ikipotea, kazi hubaki kwa betri bapa ya duara iliyo kwenye ubao mkuu, inayoitwa CR2032. Betri hiyo hudumu miaka kadhaa tu, na OptiPlex 790 ni mashine zilizoingia sokoni mwaka 2011. Nina hakika Ijumaa jioni mnazima swichi kuu ya maabara, na kwa usalama ni sawa kabisa. Lakini betri iliyokufa haiwezi kuishika saa mpaka Jumatatu. Mashine inaamka na tarehe ya miaka mingi nyuma, inatambua kwamba saa yake imepotea, inasimama na kukuomba F1.

Tarehe hiyo mbaya ndiyo inayokufungia intaneti. Kila tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba tuko mwaka 2011 hukitazama cheti cha mwaka huu, ikaona bado hakijaanza kutumika, ikafunga mlango. AutoCAD hupita mlango huo huo inapouliza kama akaunti ya mwanafunzi ni halali. Seva yenu ya kuamilisha Windows nayo haiisikilizi mashine ambayo saa yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya saa 4. Kisha mnarekebisha tarehe kwa mkono, moja baada ya nyingine, mashine zinashinda na umeme wiki nzima, na Jumatano kila kitu kinatulia. Wiki inayofuata mnaanza tena.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni betri 24. Betri moja bei yake haifikii sahani ya chakula kibandani. Zima mashine, chomoa waya, gusa chuma cha kasha kwanza ili kuondoa umeme tuli mwilini, bana kishikizo cha betri, toa ya zamani, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Washa, bonyeza F2, weka tarehe na saa. Ukiingia kwenye Windows hakikisha ukanda wa saa ni wa Nairobi. Wanafunzi wako wanaweza kuifanya kazi hii ukiwasimamia, na wataondoka na ujuzi. Ukishamaliza, zima swichi kuu usiku kucha, kisha asubuhi angalia ni ngapi bado zinaomba F1. Hizo zina hitilafu nyingine ya ubao na uziweke kando.

Sasa tuje kwenye Windows isiyoamilishwa. Leseni za pamoja za Microsoft huamilishwa kwa njia kuu mbili, na inaonekana aliyewawekea alichagua isiyowafaa. Njia ya kwanza inaitwa KMS: mnakuwa na seva yenu ndani ya chuo, kompyuta zinaiendea, nayo inaziidhinisha kwa siku 180, zikiendelea kujihuisha zenyewe kila zinapokutana nayo. Ni njia nzuri kwa chuo kikubwa. Ila ina sharti ambalo wauzaji wengi hawalisemi: seva haianzi kuidhinisha Windows za mezani mpaka ihesabu angalau mashine 25 tofauti zilizoifikia. Wewe unazo 24.

Si hilo tu. Kila Windows ina namba yake ya pekee inayojitambulisha nayo mbele ya seva hiyo. Fundi wako aliponakili diski ya mashine moja kwenye zote, kazi ambayo mafundi wengi bado huiita kupiga ghost, alinakili na namba hiyo. Seva inaona mashine ile ile ikigonga mlango mara 16. Kwa hesabu yake ina mteja mmoja. Mngeweza kungoja mpaka mwaka uishe na isingeamilisha hata kompyuta moja, na hapo hapo kila mtu angeapa kwamba leseni ni bandia.

Unaweza kuthibitisha haya mwenyewe leo jioni. Kwenye mojawapo ya zile 16 fungua kidirisha cha amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika slmgr /ato. Ikikujibu kwa namba 0xC004F038, maana yake ni kwamba hesabu ya seva haijatosha. Ikiwa ni 0xC004F06C, tatizo ni saa, rudi kwenye betri. Kisha nenda kwenye seva yenyewe, andika slmgr /dlv, uone hesabu iliyofikiwa. Ikiandika 1, sina la kuongeza.

Dawa ni njia ya pili, iitwayo MAK. Huu ni ufunguo mmoja wenye idadi maalumu ya matumizi, na kila kompyuta inajiamilisha mara moja tu, moja kwa moja kwa Microsoft, kupitia intaneti au simu, bila seva na bila sharti la 25. Mwombeni aliyewauzia leseni, au aliye na akaunti ya chuo kwenye tovuti ya leseni za pamoja za Microsoft, awatolee ufunguo huo. Ni leseni ile ile, hamlipi tena. Kwa maabara ya ukubwa wenu ningeichagua hii bila kusita.

Lakini sikiliza hapa kwa makini, maana ndipo vyuo vingi huumia. Kila uamilishaji hupunguza idadi iliyobaki kwenye ufunguo. Deep Freeze, kama unavyojua, hurudisha diski ilivyokuwa kila mashine ikiwashwa upya. Ukiamilisha huku imegandisha, kesho yake uamilishaji umefutika, unaamilisha tena, na tena, mpaka ufunguo unakauka. Vivyo hivyo ukiamilisha kwanza halafu ukabadilisha diski, unarudia. Kwa hiyo utaratibu ni huu: betri, RAM na diski kwanza, kisha usakinishaji safi, kisha yeyusha Deep Freeze (yaani izime kwa muda), kisha amilisha, sasisha, washa upya mara mbili kuthibitisha, na mwisho kabisa gandisha. Fundi akitaka kunakili diski tena, hakuna ubaya, mradi mashine mama aipitishe kwenye Sysprep, chombo kilichomo ndani ya Windows yenyewe, na kuchagua kuifanya ya jumla (Generalize) kabla ya kunakili. Hatua hiyo ndiyo inayofuta namba ya utambulisho ili kila nakala ijitengenezee yake.

Jambo dogo lakini la msingi: leseni ya pamoja ya Windows ni ya kupandisha daraja, haisimami peke yake. Kila kompyuta inatakiwa iwe na leseni yake ya awali, ile iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Kwenye mashine za Dell za enzi hizo kuna kibandiko cha Windows kwenye kasha. Piga picha vibandiko vyote, weka pamoja na risiti. Siku ukiulizwa, huo ndio ushahidi wako.

Zile 8 za Windows 7 zina kisa chake. Ujumbe wa biti 32 umewafanya mwamini kwamba mashine zenyewe ni za biti 32. Sivyo. Core 2 Duo ni prosesa ya biti 64. Kilicho cha biti 32 ni Windows iliyowekwa ndani yake. Windows ya biti 32 haiwezi kuhesabu kumbukumbu zaidi ya GB 4, na kwa kawaida hubaki na kama GB 3 na ushei za kutumia, ndiyo maana Autodesk iliachana nayo: kuanzia AutoCAD 2020 ni biti 64 pekee. Kwa hiyo ukitaka unaweza kuweka Windows ya biti 64 kwenye hizo 8. Je, nakushauri ufanye hivyo kwa ajili ya AutoCAD 2024? Hapana. Programu hiyo inataka RAM ya GB 8 kwa uchache na kadi ya picha inayokubali DirectX 11 (kiwango cha Windows cha kuchora picha), na 780 zimepitwa na hayo kwa mbali. Utatumia pesa nyingi kupata mashine inayokera. Ziwekee Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na LibreOffice ya kuandikia, zitumike kwa kuchapa ripoti, kutafuta vitabu na somo la msingi la kompyuta. Kuziacha kwenye Windows 7 zikiwa mtandaoni si salama, kwa kuwa Microsoft iliacha kuilinda tarehe 14 Januari 2020.

Tukirudi kwa zile 16, ule uzito wa kufunguka si wa leseni hata kidogo. Windows 10 ya biti 64 peke yake, kabla hujagusa chochote, hula karibu nusu ya GB 4 ulizo nazo. Ongeza kinga ya virusi, kivinjari kilichoachwa wazi, halafu AutoCAD. RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha kila vinapohitajika. Diski yenu ni ya kuzunguka: sahani ndani yake inazunguka mara 7200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinasafiri kufuata kila kipande. Kwa vipande vidogo vilivyotawanyika, diski ya namna hiyo huhudumia maombi kama 100 hivi kwa sekunde. Diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, hata ya bei ya chini, hufanya maelfu. Hizo dakika unazongoja ni kichwa hicho kikikimbia huku na huku, na ukitega sikio karibu na kasha utakisikia kikikwaruza mfululizo.

Watu wengi huniambia, basi niongeze RAM. RAM peke yake itapunguza msongamano, lakini kuwaka kwa mashine na kufunguka kwa programu bado kutabaki kizito. SSD peke yake itaharakisha kila kitu, lakini mchoro mkubwa ukifunguliwa kwenye GB 4 bado utakwama. Nenda na vyote viwili: RAM ya DDR3 ifike GB 8, na SSD ya SATA ya GB 256. Ubao wa 790 unavikubali bila matata. Vipande vya DDR3 vya mtumba vimejaa Luthuli na Moi Avenue, ila dai vya mezani, si vya laptop, na umwambie muuzaji avijaribu mbele yako. SSD nunua mpya, yenye dhamana. Hapo usibane matumizi. Kumbuka pia kibao cha kuishikiza, maana SSD ni ndogo kuliko nafasi ya diski ya zamani.

Kadi ya picha nayo tuiseme wazi. Core i3 za kizazi kile zina kiini cha picha kinachoishia DirectX 10.1, chini ya kiwango ambacho AutoCAD 2024 inataka. Kwa michoro ya bapa, ramani za msingi, mipango ya vyumba na mikato, mashine zitaenda. Mkiingia kwenye michoro ya pande tatu yenye vivuli na vifaa vya ujenzi, zitaburuta hata ukiwa na RAM na SSD. Kadi ndogo kama GeForce GT 1030, toleo la kimo kifupi, hutumia wati 30 tu na inaingia kwenye kasha dogo la 790 bila kuchosha pawasaplai. Ziwekee mashine 4 au 5 kwa kazi za pande tatu, si zote. Kama kasha lenu ni lile dogo kabisa, halina nafasi ya kadi, msipoteze nauli.

Kuhusu AutoCAD kudai akaunti kila asubuhi, hapo hakuna ugonjwa. Autodesk huwapa wanafunzi na walimu wa taasisi zilizohakikiwa matumizi ya bure, yanayohuishwa kila mwaka, lakini ruhusa ni ya mtu, si ya mashine. Wanafunzi 40 wakigawana kompyuta 16, kila mmoja kuingia kwa jina lake na kutoka anapomaliza ndivyo inavyopaswa kuwa. Waliokwama kuhakikiwa wasaidie mapema, kwa barua ya chuo au kitambulisho chenye tarehe ya muhula. Usikubali mtindo wa akaunti moja ya darasa zima, na mkimbie yeyote anayewauzia akaunti za elimu mtandaoni. Hizo hufungwa bila taarifa na mnabaki mikono mitupu katikati ya muhula. Waambie wanafunzi pia kwamba ruhusa hiyo ni ya kujifunzia. Kijana akipata mteja Ruai anayemlipa amchoree nyumba, kazi hiyo haimo ndani yake.

Sasa yule fundi wa programu iliyovunjwa. Naelewa kwa nini hoja yake inavutia: pesa mmelipa, mnachotaka ni kitu kifanye kazi. Lakini ulicholipia ni haki ya kutumia kwa masharti, na kuvunja kufuli si moja ya masharti hayo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta kuwa miongoni mwa kazi zinazolindwa, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ina wakaguzi. Hata tukiacha sheria, tazama namna inavyowekwa: jambo la kwanza fundi atakalofanya ni kuzima kinga ya virusi, kwa sababu kifaa cha kuvunjia hutaka mamlaka yote ya mashine. Hujui ni nani aliyekitengeneza wala anataka nini. Maabara yako bila shaka iko kwenye mtandao mmoja na ofisi ya usajili, yenye nakala za vitambulisho na kumbukumbu za karo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, chuo ndicho kitakachojibu taarifa hizo zikivuja. Na tatizo lako, kama ulivyoona, halikuwa kufuli. Lilikuwa betri, na hesabu ya 25.

Uongozi utakuuliza kama ni busara kuweka pesa kwenye mashine za 2011, na ni swali la haki. Windows 10 ilifikia mwisho wa ulinzi wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. 790 ni kizazi cha 2. Kuna mbinu za kuilazimisha, na mafundi watakupendekezea, lakini maabara ya mtihani si mahali pa kujaribia bahati. Kwa taasisi za elimu Microsoft iliweka ulinzi wa nyongeza wa Windows 10 kwa bei ya chini mno: dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili, dola 4 wa tatu. Huo ndio unaokupa muda wa kupumua, mpaka mwezi Oktoba 2028. Muulize muuzaji wenu wa leseni habari zake kabla hujafanya lolote.

Ushauri wangu kwa uongozi basi ni kutengeneza zile 16 sasa, na kila mwaka kununua chache za kizazi cha 8 au zaidi kadiri bajeti inavyoruhusu, badala ya kungoja siku ya kununua 24 kwa mpigo ambayo huenda isifike. SSD mtakazonunua leo zitahamia kwenye mashine hizo. Mkienda kununua za ex-UK, soma namba kamili ya prosesa, si maneno ya Core i5 tu. OptiPlex 3060 ni ya kizazi cha 8. 3050 inafanana nayo sana kwa sura, lakini prosesa yake ni ya kizazi cha 6 au cha 7, na utakuwa umerudi pale pale. Wazo la seva moja kubwa inayolisha vituo vyote nalo mtaletewa. Kwa masomo ya kuchapa linafaa. Kwa AutoCAD linataka seva ghali, leseni za ziada za kila kituo, na ruhusa ya mkataba wa Autodesk, na seva ikianguka darasa zima linasimama. Kwa hali yenu nisingelifikiria.

Kuna mambo usiyaguse peke yako. Ukifungua kasha ukakuta kapasita zilizovimba kichwani, au harufu ya kuungua kwenye pawasaplai, ita fundi wa vifaa, na pawasaplai isifunguliwe darasani kamwe. BIOS, yaani ile mipangilio ya msingi ya ubao unayoingia kwa F2, yenye neno la siri lililoachwa na mwenye mashine wa zamani pia inahitaji mtu anayejua ubao huo. Kwa leseni, mtu wa kukaa naye ni muuzaji aliyeidhinishwa, ana kwa ana, huku mkataba uko mezani. Mwulize mna haki ya mashine ngapi, na akuandikie. Kama chuo chenu ni mwanachama wa KENET, mtandao wa taasisi za elimu Kenya, ongea nao kuhusu mtandao wa maabara kutenganishwa na wa ofisi. Fundi wa mtaani hana ubaya, mpe mashine moja tu, akae mbele yako, aitengeneze mwanzo hadi mwisho kwa utaratibu niliokupa, ikae wiki moja bila tatizo ndipo aendelee na nyingine. Zile zitakazokufa kabisa zisiende kwa kilo: WEEE Centre hapa Nairobi hupokea taka za kielektroniki na kuzishughulikia ipasavyo. Ila diski zitoeni kwanza.

Mtihani ukikaribia, gawa wanafunzi 40 kwenye zamu tatu, 14, 13 na 13, ili kila zamu ibaki na mashine mbili au tatu za akiba kati ya zile 16. Simamisha masasisho ya Windows na ya AutoCAD wiki moja kabla. Na kuna mtego mmoja unaotokana na Deep Freeze: AutoCAD huhifadhi nakala yake ya dharura kila baada ya dakika 10, lakini kwenye folda ya muda iliyo kwenye diski C, yaani diski iliyogandishwa. Stima ikipotea katikati ya mtihani na mashine ikawaka tena, nakala hiyo nayo imefutika. Tengeneza ThawSpace, yaani sehemu isiyogandishwa, ndani ya Deep Freeze, kisha ndani ya AutoCAD andika SAVEFILEPATH uielekeze huko, na SAVETIME uishushe hadi dakika 5. Michoro ya wanafunzi pia ihifadhiwe huko huko, kwa muundo wa DWG wa 2013 kama mtahini anatumia toleo la zamani. Ijaribu kwa kuchomoa waya wa mashine moja mchana kweupe, uiwashe, uone kama mchoro upo.